Farasi wa Mchana

Mwishoni mwa mwaka 1571 jeshi la Wareno lilipiga kambi Sena, kando ya mto Zambezi. Kiongozi wake, Francisco Barreto, alikuwa ametumwa na Mfalme Sebastião kuitwaa migodi ya dhahabu ya Mwene Mutapa na kulipiza kisasi cha padre Gonçalo da Silveira, aliyeuawa huko mwaka 1561. Alikuja na farasi. Haukupita muda, farasi wakaanza kufa, na askari nao wakaanguka kwa homa. Padre wa Kijesuiti aliyefuatana na jeshi, Francisco Monclaro, akashikilia kwamba kuna sumu, na kwamba walioitia ni wafanyabiashara Waislamu wa Sena, watu wa pwani waliokuwa na makazi yao pale. Wakakamatwa. Wakauawa kwa mateso ambayo Wareno wenyewe waliyaandika.

Kila nikiisoma habari hii najiuliza swali la mtu wa zizi: farasi wale walilala wapi? Bonde la Zambezi, mwezi wa Desemba, joto limekaza, mvua zimeanza, nyasi mbichi zimefika magotini, na mto uko karibu. Ukimwachia farasi alale nje mahali kama hapo huhitaji mtu wa kumtilia sumu. Mchana atakutana na mbung'o, na mbung'o humpa nagana inayomkondesha mpaka anashindwa kusimama. Usiku atakutana na usubi, mdudu mdogo wa milimita 1 hadi 3, ambaye ukimwona utadhani ni punje ya vumbi. Watu waliochinjwa Sena walichinjwa kwa kosa la wadudu.

Nimelelewa na farasi. Mjomba wangu alikuwa saisi Nairobi, na baada yake mimi nimewachunga kwenye uwanda wa Athi, upande wa Machakos, ambako mwezi wa Februari jua hupiga mawe mpaka huwezi kuyakanyaga kwa mguu mtupu. Nikisema habari za farasi na joto nasema mambo yaliyonishughulisha maisha yangu yote. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuchunga farasi wakati wa joto katika Afrika ni kazi tofauti kabisa na ile inayoelezwa kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani.

Vitabu vile vinasema hivi: joto likizidi, mfunge farasi bandani mchana, kwenye kivuli na hewa, kisha umtoe malishoni usiku kunapopoa. Kwao ni shauri jema. Nzi wa mchana hawamfikii, ngozi haibabuki, na majani ya usiku ni laini. Kwetu shauri hilohilo linaweza kummaliza farasi kwa wiki moja. Usubi hutoka jua linapozama na hufanya kazi mpaka kunapambazuka. Hupenda usiku wa vuguvugu usio na upepo, hasa mvua nzito ikinyesha baada ya ukame mrefu, kwa kuwa hukua kwenye udongo wenye majimaji uliochanganyika na mavi ya mifugo. Akinyonya damu ya pundamilia au ya farasi mgonjwa, huja kumwambukiza farasi mzima virusi vya ugonjwa wa farasi. Kinachofuata sitaki kukiona tena: homa kali, mashimo ya juu ya macho yanavimba, pumzi inakuwa fupi, na mwishoni povu linamwagika puani kama maziwa yaliyochemka. Ugonjwa ukishika mapafu, farasi 9 kati ya 10 au zaidi hufa, na mwingine asubuhi alikuwa amekula vizuri.

Kwa hiyo kwetu farasi ni mnyama wa mchana. Analisha juani kwa sababu usiku umekatazwa, na kazi yote ya saisi wakati wa joto ni kulipa gharama ya katazo hilo.

Katazo lenyewe lina umri mkubwa. Kule Rasi, kusini mwa Afrika, karibu farasi 1,700 walikufa mwaka 1719, na mwaka 1854 hadi 1855 wakafa karibu 70,000. Watu wa huko waliona kwamba farasi aliyelala ndani, akatolewa nje jua lilipokwisha panda, alikuwa na nafasi ya kuishi. Wakasema sumu iko kwenye umande. Wakaweka sharti kwamba farasi asiguse nyasi mpaka umande ukauke, na arudi ndani kabla ya magharibi. Mwaka 1900 John M'Fadyean alionyesha kwamba kiini cha ugonjwa ni kidogo kiasi cha kupita kwenye chujio linalozuia bakteria. Arnold Theiler aliufuatilia miaka mingi, na maabara ya Onderstepoort, karibu na Pretoria, aliyoiongoza tangu 1908, ikawa makao makuu ya utafiti wake. Hata hivyo ilikuwa mwaka 1944 ndipo R. M. du Toit alipobainisha kwamba usubi ndiye anayeubeba. Maana yake ni kwamba wachunga farasi walikuwa wakifanya jambo sahihi kwa muda unaokaribia karne nzima kabla sababu yake haijajulikana. Umande haukuwa na hatia, lakini saa ya umande ndiyo saa ya usubi.

Mjomba aliniambia vilevile. "Mwanangu, umande una wenyewe," alisema, na hakuwatoa farasi kabla ya saa tatu asubuhi hata mwenye farasi akija juu. Saa kumi na moja jioni kila mmoja alikuwa bandani, milango imefungwa, na samadi kavu inafuka moshi upande unakotoka upepo. Sijui nani aliyemfundisha, masaisi walifundishana.

Pwani ya Waswahili yenyewe haikuwa nchi ya farasi, nami naamini wadudu hawa ni sehemu kubwa ya sababu. Al-Masudi, aliyesafiri bahari hii mapema katika karne ya 10, aliandika kwamba Wazanji, yaani watu wa pwani hii, hawana farasi wala baghala, na kwamba wanapanda ng'ombe wenye matandiko na hatamu. Farasi walikuja kwa jahazi kutoka Arabuni, wachache, wakiwa mali ya wakubwa. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja alikuja na mapenzi ya farasi ya Oman. Jahazi lake la Sultana lilipotia nanga New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi za kumpelekea Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Lakini mnyama aliyebeba watu wa Unguja siku kwa siku alikuwa punda, hasa punda weupe wa Maskati. Punda anaweza kuambukizwa ugonjwa ule, ila ni nadra kumwua, na joto la pwani analivumilia.

Kwa farasi joto la pwani lina ubaya wake wa pekee. Farasi hujipoza kwa jasho kama mwanadamu, na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko letu. Hewa ya Mombasa mwezi wa Machi imejaa maji, jasho halikauki mwilini, na farasi anaendelea kutoka jasho bila kupoa. Wako wanaofika mahali wakaacha kabisa kutoka jasho: manyoya yanakauka na kukwaruza, mnyama anahema kivulini kama aliyetoka mbioni. Farasi wa namna hiyo dawa yake kubwa ni kumpandisha nyanda za juu.

Bara, gharama ya kutokuwa na farasi ililipwa kwa mabega ya watu. Kila pembe ya ndovu iliyofika Bagamoyo ilibebwa na mpagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. David Livingstone alianza safari yake ya mwaka 1866 kutokea Mikindani na ngamia, nyati wa Kihindi, baghala na punda, akitaka kujua nani atastahimili mbung'o. Wanyama walikwisha njiani. Chini ya Kilimanjaro, Wajerumani walijaribu kumkamata na kumfuga pundamilia, kwa kuwa yeye magonjwa haya hayamtishi. Pundamilia akakataa nira.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914, na makosa ya Sena yakarudiwa kwa ukubwa ambao Barreto asingeweza kuuwaza. Mwezi wa Aprili 1916 Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, aliwatoa wapanda farasi wake wa Afrika Kusini Arusha kwenda Kondoa Irangi katikati ya masika. Walifika Kondoa, lakini njia nzima ilitapakaa mizoga ya farasi. Katika kampeni ile walikufa farasi na baghala kwa maelfu mengi, na wengine wakaletwa kuziba nafasi, nao wakafa. Hawa walikuwa watu waliotoka nchi inayoujua ugonjwa wa farasi kuliko nchi yoyote. Walijua sharti la umande. Vita haina banda wala saa tatu asubuhi, na waliotoa amri walikubali hasara hiyo wakiwa na macho mawili.

Farasi walipokwisha, mizigo ilirudi kwa watu. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikusanywa kwa nguvu kuwa wabeba mizigo wa jeshi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara, homa na njaa. Ukiwa Nairobi, panda Barabara ya Race Course kutoka mjini. Jina hilo ni la uwanja wa kwanza wa mbio za farasi, ambako mwaka 1914 walowezi walipiga kambi na farasi wao kujiandaa kwa vita. Endelea kidogo utafika Kariokor, jina lililobaki la kambi ya wabeba mizigo. Majina haya mawili yamepakana, na watu wanapita hapo kila siku kununua vyondo na makubadhi. Laiti pangekuwa na kibao kinachoeleza kwa nini yamepakana.

Mwaka 1954 mbio zilihamia uwanja wa Barabara ya Ngong, na huko ndiko mjomba alikofanya kazi. Wapanda farasi na wenye farasi wana majina yao kwenye vikombe. Masaisi, waliolala na farasi wale na kuamka nao, hawaandikwi popote. Ndiyo sababu nayaandika hapa niliyoyaona kwao.

Malisho ya joto lazima yawe na kivuli cha kutosha farasi wote kwa pamoja, kwa maana ukiwapa mgunga mmoja, mkubwa wao atawafukuza wadogo juani. Maji yawe mahali wanapoyaona. Farasi wa kilo 450 hunywa lita 25 hadi 30 siku ya kawaida, na siku ya joto kali anaweza kuhitaji mara mbili ya hayo. Birika likiwekwa juani maji yanakuwa moto naye anasusa, na farasi aliyesusa maji yuko njiani kuumwa tumbo. Jiwe la chumvi liwe kando ya birika. Wenye pua nyeupe hupakwa marhamu ya zinki, la sivyo ngozi inababuka na kuchubuka. Kupe hutafutwa masikioni, chini ya mkia na kwenye shingo chini ya manyoya marefu, kila jioni, kwa vidole, kwa kuwa macho peke yake hayatoshi.

Katika jambo moja mjomba hakuwa sahihi, na masaisi wengi wa rika lake walikuwa pamoja naye. Hakuruhusu farasi mwenye joto amwagiwe maji baridi. Aliamini misuli ingekaza. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 ulionyesha kwamba maji baridi mwili mzima, yakimwagwa bila kukoma, ndiyo yanayomwokoa farasi aliyezidiwa na joto. Siku hizi namwaga ndoo kwa ndoo. Desturi ya zamani huipimi kwa uzee wake, na sharti la umande limepimwa likasimama.

Chanjo zipo tangu miaka ya 1930, nasi tunachanja kiangazi, kabla masika hayajaanguka. Lakini virusi hivi vina aina 9, na chanjo haimwokoi kila farasi, kwa hiyo bado nawaingiza kabla ya magharibi. Nimebishana na vijana waliosoma ng'ambo wanaotaka farasi walale nje Februari wapate hewa. Nawaambia watazame yaliyotokea kwa wasiokuwa na desturi hii. Kati ya mwaka 1959 na 1961 ugonjwa ulivuka hadi Mashariki ya Kati na kufika India, ukaua farasi, punda na baghala zaidi ya 300,000. Mwaka 1987 uliingia Hispania na pundamilia walioletwa kutoka Namibia kwa ajili ya bustani ya wanyama. Mwaka 2020 ulitokea Thailand, katika miezi ya joto, ukaua mamia ya farasi. Wenye farasi wakanunua vyandarua, wakavizungusha kwenye mabanda yote kutoka paa hadi chini, na wakaanza kuwafungia wanyama wao kabla jua halijazama.