Kitisho na Ulanguzi: Hoja Juu ya Aina Mbili za Filamu

Mwaka 1981, wakati wakazi wengi wa mtaa wa Dandora, Nairobi, walikuwa bado wakiongeza chumba baada ya chumba juu ya viwanja vipatavyo 6,000 vilivyopimwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilitoka filamu iliyopigwa humu humu Kenya chini ya uongozi wa Sharad Patel, Rise and Fall of Idi Amin, ambamo Joseph Olita, mwigizaji Mkenya mwenye umbo la kumstahilia jenerali, alimwigiza mtawala wa Uganda aliyekuwa amefurushwa Kampala miaka miwili tu iliyotangulia. Ndani ya filamu hiyo mna jokofu, na ndani ya jokofu mna vichwa vya watu. Tena pana mahali ambapo jenerali anauonja mwili wa hasimu aliyekwisha kuuawa. Kwa kipimo cha damu pekee filamu hii ingeweza kukaa rafu moja na hadithi za mizuka na majini wanyonya damu. Walakini kuiweka huko ni kuikosea nasaba yake, na kosa hilo si la mpanga rafu tu, bali ni kosa la fikra ambalo gharama yake huangukia mitaa kama Dandora kuliko mahali pengine.

Filamu za kutisha zina bahati ya kutambulikana kwa athari zake. Noël Carroll, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu falsafa ya kitisho, alieleza kwamba aina hii imepata jina kutokana na hisia inayokusudia kuizusha, na kwamba kiini chake ni zimwi, yaani kiumbe wa hatari tena najisi, asiyeingia katika mafungu tuliyozoea kuwagawia viumbe, aliye hai na maiti kwa pamoja, au mtu na mnyama kwa pamoja. Ama aina ya pili, ambayo kwa kukosa istilahi iliyozoeleka nitaiita filamu ya ulanguzi, haina hisia moja, haina zimwi, wala haina maudhui ya kudumu: leo ni uchi, kesho ni bangi, keshokutwa ni uzazi au vita. Kinachoiunganisha ni jinsi inavyouzwa.

Biashara hiyo ilionekana wazi kabisa huko Marekani baada ya 1934, kanuni za maadili za Hollywood zilipoanza kutekelezwa kwa ukali, na makampuni makubwa yakayaacha mambo mengi ambayo wafanyabiashara wadogo waliyaokota kwa furaha. Kroger Babb aliizungusha filamu yake Mom and Dad, ya 1945, mji kwa mji, wanawake wakitazama kwa wakati wao na wanaume kwa wakati wao, picha ikisimamishwa katikati ili mtu aliyetajwa kuwa mtaalamu apande jukwaani kuhutubia juu ya siha ya mwili, na vijitabu vikiuzwa huku watu wakingojea kuona mtoto akizaliwa. Hapo pana nguzo zote za ulanguzi: jambo lililositiriwa na sheria au haya, tangazo linaloahidi kulifichua, na kisingizio cha elimu kinachompa mnunuzi ruhusa ya kutazama bila ya kujiona fasiki. Pasipo haramu hapana biashara, na kwa hiyo mlanguzi na mdhibiti wa filamu, ambao hadharani ni mahasimu, hulishana kwa siri. Sisi wenyewe tulishuhudia Septemba 2018, mahakama iliposimamisha kwa siku saba marufuku iliyowekewa filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, jinsi watu walivyojaa katika kumbi za Nairobi. Filamu ile haikuwa na ulanguzi hata chembe, ila bodi ya filamu, kwa kuipiga marufuku, ilikuwa imekwisha kuiandikia tangazo ambalo Babb angelionea kijicho.

Bara letu limekuwa bidhaa katika soko hilo tangu zamani. Ingagi, ya 1930, ilijinadi kuwa kumbukumbu ya safari ya Kongo ambako eti wanawake hutolewa kwa gorila. Gorila alikuwa mtu aliyevishwa ngozi, Mbilikimo walikuwa watoto weusi wa Los Angeles, na mwaka 1933 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ikatoa amri dhidi ya udanganyifu huo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa Africa Addio (1966), na humo hapakuwa na ngozi ya kukodi: maiti wa mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, waliopigwa picha kutoka angani, walikuwa maiti kweli, nao walikuwa na jamaa waliokuwa wakiwatafuta. Msambazaji mmoja wa Marekani aliikata filamu hiyo, akaizindua upya mwaka 1970 kwa jina la Africa Blood and Guts, jina ambalo angalau halikujisingizia elimu. Filamu moja ilisema uongo, nyingine ilionyesha maiti wa kweli, na biashara ikawa ile ile.

Nimezitaja filamu hizi mbili kwa pamoja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mpaka tunaoutafuta ni ule wa ukweli na ubunifu, kwamba filamu ya kutisha hukiri kuwa ni hadithi na ile ya ulanguzi hudai kuwa ni tukio. Dai la ukweli ni chambo kikubwa cha mlanguzi, sikatai. Lakini kigezo hiki hakifiki mbali, na vibanda vya video vya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, vinatosha kukivunja. Katika vibanda hivyo, ambako kwa shilingi chache mtu hukaa kwenye benchi akiitazama filamu ya Hong Kong au Mumbai ikisimuliwa kwa Kiswahili na sauti ya DJ Afro, na katika sebule ambako filamu za Nigeria zimezoeleka kwa jina la Afrosinema, uchawi si ubunifu mtupu. Aliyeitazama Living in Bondage, ya 1992, ambamo mume anamtoa mkewe kafara ili apate utajiri kisha mzuka wa marehemu unamwandama, huenda asiwe na shaka kwamba mambo kama hayo hutendeka. Hofu yake haitokani na kujua kwamba ni hadithi. Anaogopa kwa kuwa yeye naye ana mume, ana jirani aliyetajirika ghafla, ana roho inayoweza kudhuriwa.

Hapa ndipo mpaka ulipo, kwa maoni yangu. Kitisho humgeukia mtazamaji mwenyewe: kinamkumbusha mwili wake, nafsi yake, dhambi zake, giza lililo nyuma ya mlango wake. Ulanguzi unamwacha mtazamaji salama kitini na kumkabidhi mwili wa mtu mwingine auchunguze, mtu ambaye aghalabu hakuulizwa, hakulipwa sawasawa, wala hataketi kamwe katika ukumbi ambamo picha yake inauzwa. Jokofu la Patel halikuwekwa pale ili mtazamaji wa London aogope kutiwa humo. Liliwekwa ili athibitishe aliyokwisha kuyasikia juu ya Mwafrika na madaraka. Na ili asione haya, aliitwa Denis Hills, Mwingereza aliyehukumiwa kifo Uganda mwaka 1975 kisha akaachiliwa, akajiigiza mwenyewe, awe shahidi wa bidhaa nzima.

Insafu inataka lakini tuongeze jambo. Wahindi wa Uganda walifukuzwa mwaka 1972 kwa muhula wa siku tisini, na haikuwa ajabu Mhindi wa Afrika Mashariki kama Patel kuwa na kisa cha kusimulia juu ya Amin, wala familia za Kampala zilizopoteza watu wao hazikuhitaji tangazo la kuwaambia kwamba mauaji yalitokea. Filamu yaweza kuwa na ghadhabu ya haki na ikabaki ya ulanguzi. Ghadhabu haibadilishi upande ambao kamera imeelekezwa.

Kwa upande wa pili, filamu yaweza kujaa damu toka mwanzo hadi mwisho na isiwe ya ulanguzi. Isaac Nabwana, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, watu wakimiminiwa risasi bila idadi, na juu ya milio hiyo msimulizi akifanya mzaha na kusifu watu wa mtaa wake. Waigizaji ni majirani. Wao wenyewe walikuwa wakipita mlango kwa mlango wakiuza sahani za filamu walizocheza. Anayetazamwa ndiye muuzaji, naye huuza kwanza kwa wenzake.

Sasa tulitazame jaa la Dandora, lililoanza kupokea taka za Nairobi katika miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 bila ya malori kuacha kuja. Kamera nyingi zimepanda juu ya vilima vile, na picha zake mtu anaweza kuzipanga kabla ya kuzitazama: moshi, korongo wamesimama, mtoto ameinama na gunia, kinanda cha huzuni, kisha nambari ya kutumia mchango. Hakuna damu, hakuna uchi. Walakini kilichositiriwa kipo, ahadi ya kukifichua ipo, na kisingizio cha kuelimisha kipo tena kwa sauti ya upole. Naye mtoto hasemi jambo lolote ambalo halimwombi mtazamaji amhurumie. Sisemi kwamba jaa lisipigwe picha. Micah Albert alimpiga picha pale Aprili 2012 mwanamke aliyeketi juu ya magunia ya taka akisoma kitabu, akapewa tuzo ya World Press Photo mwaka uliofuata. Mwanamke huyo alieleza kwamba kusoma kunampa la kufanya mchana zaidi ya kuokota taka. Macho yake yako kwenye ukurasa, na sisi hatuujui unasema nini. Yuko katikati ya uchafu wote ambao mlanguzi angeutaka, lakini ana shughuli ambayo haituhusu, na picha imeiacha ibaki yake.

Bodi yetu ya Uainishaji wa Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, hupima ukatili, ngono, matusi na dawa za kulevya, kisha ikagonga alama ya watu wote, ya usimamizi wa wazazi, ya miaka 16 au ya miaka 18. Mizani hiyo yafaa kwa kitisho, maana inauliza mtazamaji atadhurika kiasi gani. Kuhusu anayetazamwa haina swali hata moja, na kwa hiyo filamu ya yule mtoto na gunia lake, ikifikishwa mbele ya meza hiyo, ingeweza kupewa alama ya watu wote pasi na mjadala.