Kumi na Moja kwa Kumi na Moja

Kiti cha Chake Chake, kisiwani Pemba, kilipatikana kwa kura moja. Ilikuwa tarehe 17 Januari 1961, siku Wazanzibari walipochagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria, na kura hiyo ndiyo iliyompa ushindi mgombea wa Afro-Shirazi Party. Mtu mmoja angeamka na homa asubuhi ile, Baraza lingeweza kuwa na sura nyingine. Lakini alifika kituoni, akapiga kura yake, na hesabu ya visiwa vyote viwili ikaishia pale ambapo sheria haikuwa na la kusema: kumi na moja huku, kumi na moja kule.

Nimeifuata hesabu hiyo nikianzia Kwaluguru, wilayani Handeni, bara, na wapo watakaouliza Handeni inahusika vipi na sanduku la kura la Pemba. Inahusika sana. Uzigua, ambamo Handeni imo, na Zanzibar zimeunganishwa na bahari tangu zamani. Misafara iliteremka hadi Pangani na Saadani, na Saadani ndiko alikotawala Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889. Watu wa nyika yetu walivuka wakiwa watumwa, wakiwa wachuuzi, na baadaye, karafuu zilipotaka mikono ya kuchuma, wakiwa vibarua. Wengi hawakurudi. Watoto na wajukuu wao wakahesabiwa miongoni mwa Wabara wa visiwani, na swali la nani hasa ni mwenyeji, nani ana haki ya kupiga kura, likawa moja ya mambo yaliyochochea ugomvi wote nitakaousimulia.

Kwa upande wetu wa maji, mambo yalikuwa mepesi mno. Agosti 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi ambamo chama cha TANU kilichukua viti 70 kati ya 71, na vingi kati ya hivyo bila mpinzani. Kiti kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, naye alikuwa mwana-TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Wazee wa Handeni na Korogwe walioanza kupiga kura miaka ile hawakuwahi kuona baraza likigawanyika katikati. Basi la kutoka Handeni linapita Korogwe, kisha Muheza, kando ya mashamba ya mkonge, hadi Tanga, na kutoka Tanga ni mwendo mfupi wa bahari hadi Pemba. Katika mwendo huo mfupi, mwaka 1961, mtu alitoka kwenye nchi yenye chama kimoja kikubwa akaingia kwenye nchi ambayo nusu yake haikuzungumza na nusu nyingine.

Wapemba na Waunguja wanaiita miaka hiyo zama za siasa. Ilianza Julai 1957, wananchi walipochagua wajumbe sita wa kwanza wa Baraza. Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani katika jimbo la Ng'ambo, na chama cha Ali Muhsin, Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu, kilitoka mikono mitupu. Kilichofuata kiliingia mpaka jikoni. Wenye mashamba waliokuwa Hizbu wakawafukuza wakaazi waliojenga na kulima chini ya mikarafuu yao, kwa kuwa walipigia kura Afro, yaani Afro-Shirazi. Wana-Afro nao wakagoma kununua kwenye maduka ya mahasimu wao. Mtu akachagua basi la kupanda kwa kuangalia dereva ni wa chama gani. Jirani akakosa kwenda kuzika kwa jirani. Ndoa zikavunjika. Magazeti yalichochea moto: Mwongozi upande wa Hizbu, Afrika Kwetu upande wa Afro. Kwa maoni yangu, mtu asiyeujua mgawanyiko huu wa mitaani hawezi kuielewa sare ya barazani, kwa sababu sare ile ilikuwa picha ya kweli ya nchi.

Afro-Shirazi yenyewe haikuwa kitu kimoja. Iliundwa mapema mwaka 1957 kwa kuunganisha Jumuiya ya Waafrika, iliyojaa watu wenye asili ya bara, na Jumuiya ya Washirazi. Waliokuwa na wasiwasi zaidi na muungano huo walikuwa Washirazi wa Pemba. Mwishoni mwa 1959 Muhammad Shamte, mwalimu aliyeheshimika, akajitoa pamoja na wenzake na kuanzisha Zanzibar and Pemba People's Party. Kwa hiyo Januari 1961 vyama vikawa vitatu: Afro ikapata viti 10, Hizbu 9, na chama cha Shamte 3, vyote vitatu kutoka Pemba.

Watu watatu, basi, walishika mizani ya nchi nzima. Shamte na Bakari Mohamed wakaelekea Hizbu. Wa tatu, Ali Sharif Musa, akaelekea Afro. Viti 9 na 2 ni 11, viti 10 na 1 ni 11. Serikali ya kwanza ya kuchaguliwa, iliyotarajiwa kuongozwa na Waziri Kiongozi, haikuweza kuundwa na upande wowote. Chake Chake leo ni mji wa kilimani wenye shughuli nyingi, soko lake limebanana, na nimepita barabara zake nikiifikiria ile kura moja. Kila chama kilikuwa na haki ya kusema kimeshinda, na kila chama kilikuwa na haki ya kusema kimenyimwa.

Waingereza ndio waliokuwa na usukani. Katiba iliyotumika wakati huo ilitokana na ripoti ya Sir Hilary Blood ya mwaka 1960, na Balozi Mkaazi, Sir George Mooring, alikuwa na kazi ya kupata serikali. Ikawekwa serikali ya muda, wajumbe wa pande zote mbili wakiwemo, chini ya usimamizi wa maofisa wa Kiingereza, na ikaamuliwa uchaguzi urudiwe Juni. Naamini hapa ndipo mlango ulipofunguka kidogo na kuachwa ufungike. Watu waliolazimishwa na hesabu kukaa meza moja walikuwa na miezi kadhaa ya kujifunza kutawala pamoja. Badala yake, miezi ile ikatumika kama kipindi cha kujinoa. Hakuna aliyeichukulia sare kuwa jibu la wapiga kura. Wote waliichukulia kuwa hitilafu ya hesabu, na hitilafu ya hesabu ina dawa rahisi: ongeza kiti kimoja.

Kiti hicho kiliongezwa Pemba, jimbo la Mtambile. Nimefika Mtambile kwa barabara ya kusini kutoka Chake, ile inayoendelea hadi bandari ya Mkoani. Ni njia panda yenye maduka, shule na mikarafuu nyuma ya nyumba, mahali ambapo msafiri hupita bila kusimama. Nilisimama. Hapa ndipo namba 22 ilipogeuzwa 23, ili mgawanyo wa sawa kwa sawa usiwezekane tena. Kilichonishangaza ni jinsi wazo hilo lilivyoonekana la busara kwa kila upande. Hizbu na chama cha Shamte wakaafikiana kuachiana majimbo ili wasigawane kura. Afro nayo ikajipanga, kwa kuwa chama cha Shamte kilikuwa kimepasuka na baadhi ya wafuasi wake walikuwa wanarudi Afro.

Tarehe 1 Juni 1961 watu wakajipanga tena kwenye vituo. Asubuhi ile ile, mjini Unguja, ghasia zikalipuka kwa tuhuma za wizi wa kura na watu wasiostahili kupiga, kisha zikaenea mashamba, na huko ndiko mauaji mengi yalikotokea. Watu 68 waliuawa, na mamia walijeruhiwa. Karibu wote waliokufa walikuwa Waarabu, wengi wao watu wa kawaida, wenye vijiduka na vishamba vidogo vijijini, ambao hawakukaa katika Baraza lolote. Hali ya hatari ikatangazwa na wanajeshi wakaletwa kutoka bara. Tume ya Sir Stafford Foster-Sutton ikachunguza chanzo. Maneno ya tume yanaweza kusomwa kwa namna nyingi, lakini namba 68 haina namna mbili, na kila anayeisimulia historia ya Zanzibar kwa kuanzia Januari 1964 anawaruka watu hawa.

Matokeo ya Juni: Afro 10, Hizbu 10, chama cha Shamte 3. Dawa ya Mtambile ilifanya kazi. Sare haikuwepo, muungano wa Hizbu na Shamte ulikuwa na viti 13, na Muhammad Shamte, mkuu wa chama kidogo kuliko vyote, akawa Waziri Kiongozi. Afro ilikuwa imepata karibu nusu ya kura zote zilizopigwa. Nadhani hapo ndipo wana-Afro walipoanza kuamini kwamba sanduku halitawapa kamwe kile ambacho vichwa vya watu vilikuwa vinawapa. Julai 1963 jambo lile lile likarudi kwa ukubwa zaidi: kati ya viti 31 Afro ilipata 13, Hizbu 12, na chama cha Shamte 6, ingawa Afro ilikuwa na zaidi ya nusu ya kura. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, na kwa zaidi ya miaka 30 hapakuwa tena na uchaguzi wa vyama vingi wa kuhesabu nusu na nusu.

Nilivuka kutoka Mkoani hadi Unguja nikitafuta mahali hesabu ile ilipokwenda, na haikuwa imekwenda popote. Vyama vingi viliporudi, Oktoba 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2, na Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Katika Baraza la Wawakilishi CCM ilipata viti 26 vya majimbo na CUF 24, ambamo vyote 21 vya Pemba vilikuwemo. Yaani baada ya mapinduzi, muungano na Tanganyika na utawala wa chama kimoja, wapiga kura walirudi karibu na pale pale walipoachwa mwaka 1961. Tarehe 27 Januari 2001 damu ikamwagika tena, polisi walipofyatulia risasi waandamanaji, na wengi waliouawa walikuwa Pemba.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa mazungumzo ya watu wawili. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume, mtoto wa yule Karume wa Ng'ambo, alikutana na Seif Sharif Hamad. Katika mazungumzo hayo, yaliyojulikana kama Maridhiano, walikubaliana jambo ambalo mwaka 1961 lilikuwa mezani bila mtu kulichukua: kwamba nchi iliyogawanyika nusu kwa nusu itawaliwe na nusu zote mbili. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali. Katiba ikabadilishwa, nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais ikapewa chama kinachofuata kwa kura, na uchaguzi wa Oktoba mwaka ule, ambao Ali Mohamed Shein aliushinda kwa asilimia 50.1 tu, ukapita bila mauaji. Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza.

Utaratibu huo umeyumba tangu hapo. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa kabla ya kutangazwa mshindi, ukarudiwa Machi 2016 bila CUF, na serikali ya pamoja ikafa kwa muda. Ilirudi Desemba 2020, Seif akiwa safari hii katika ACT-Wazalendo, na alipofariki Februari 2021 Othman Masoud Othman akachukua nafasi yake. Viti vya Baraza la Wawakilishi, huko Chukwani, sasa ni vingi kuliko 22 au 23. Masharti ya kugawana serikali yameandikwa katika katiba, na kila uchaguzi unaokuja unayapima upya, kwanza Pemba, kisha mjini.