Kilwa ilishinda, lakini mali ikaenda Ulaya

Najua nimepotea. Kazi ilikuwa nyingi, halafu jioni zangu zikaliwa na mchezo mmoja wa kompyuta. Leo nitawasimulia kuhusu huo mchezo, kwa sababu umenirudisha kwenye historia ya pwani yetu kwa njia ambayo sikuitarajia, na mwishowe ukanionyesha kosa nililolifanya mimi mwenyewe kazini. Vuteni viti.

Mchezo unaitwa Europa Universalis IV. Ulitolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Uswidi. Kwa wasioujua: ni ramani ya dunia nzima. Saa inaanza tarehe 11 Novemba 1444 na kwenda hadi 1821. Unachagua dola moja na kuisimamia: kodi, majeshi, ndoa za kifalme, biashara. Dola nyingine zote zinaendeshwa na kompyuta. Si lazima uwe Uingereza au Ufaransa. Kilwa imo. Mombasa, Malindi na Pate zimo pia.

Mara ya kwanza kuliona jina la Kilwa kwenye ile ramani nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Katika michezo ya aina hii sisi huwa ni mapambo tu. Kwenye Civilization VI, Zanzibar ni mji mdogo ambao unafanya nao urafiki ili ukupe karafuu na mdalasini, na Kilwa Kisiwani ni jengo la ajabu ambalo hata Wajerumani wanaweza kulijenga kwao! Hapa angalau Kilwa ni dola, ina sultani, ina hazina, inaweza kushinda na inaweza kushindwa.

Sasa, kinachonivutia zaidi si kucheza. Kuna amri ya kukaa pembeni na kutazama: hushiki dola yoyote, unaiacha dunia ijiendeshe. Kwa mtu wa programu hiyo ni raha kubwa. Mwanzo ni uleule, sheria ni zilezile, lakini kila ukiuendesha unapata dunia tofauti. Basi usiku wa hapa Kinoo nilikuwa naiacha kompyuta ikifanya kazi, nalala, na asubuhi kabla ya kutoka kwenda kutafuta matatu barabara ya Waiyaki naangalia nani ametawala. (Kama stima hazikupotea. Mara mbili zilipotea mwaka 1600 hivi, karne nzima ikaenda na giza.)

Nilichokiona:

Usiku mmoja Castile iliimeza Ureno kabla ya mwaka 1500. Hakuna Vasco da Gama, hakuna Fort Jesus. Kilwa ikajitanua polepole, ikashika Sofala upande mmoja na Malindi upande mwingine.

Usiku mwingine Wamamluki wa Misri waliwapiga Waottomani, wakabaki na Makka, Madina na Bahari ya Shamu yote.

Mara nyingine Wahabeshi walishuka kutoka milimani hadi baharini, na kufikia 1700 walikuwa jirani wa Mogadishu.

Na mara moja Mombasa ndiyo iliyoimeza Kilwa, mambo ambayo mtu wa Kilwa asingependa kuyasikia.

Mtu atasema huo ni upuuzi wa kompyuta. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu historia yenyewe imejaa mambo ambayo ukiyaona kwenye mchezo utadhani programu imeharibika. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, na akafika akiwa hai. Mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Machi 1589, Mombasa ilijikuta na merikebu za Mir Ali Bey wa Waottomani bandarini, manowari za Wareno kutoka Goa zikiingia, na jeshi la Wazimba likisubiri bara ng'ambo ya Makupa. Nguvu tatu, kisiwa kimoja. Ukiniletea hiyo kama ripoti ya hitilafu nitakuambia rudi ukahakikishe.

Kwa hiyo Kilwa kushinda hakukunishangaza sana. Lililonishangaza ni swali la rafiki yangu.

Huyu ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na tulisoma naye chuo. Jumamosi moja mvua ilimzuia kurudi kwake, akalala hapa kwangu. Nikamwonyesha dunia yangu ambamo Kilwa imeshinda, nikitegemea sifa. Akaitazama ramani kwa muda, akauliza:

"Sasa hebu nionyeshe, kusi iko wapi hapa?"

Nikaisogeza ramani hadi kusini mwa Msumbiji. Akacheka.

"Wewe mtu wa bara kweli. Sikuulizi kusini. Nakuuliza kusi. Upepo."

Nilitafuta. Haukuwemo.

Kwa wenzangu wa bara ambao pia hamkujua: pwani ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hivi hadi Machi, na huo ndio ulioleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na huo ndio ulioyarudisha. Nahodha alikuja na mmoja akaondoka na mwingine. Katikati alikaa bandarini miezi akisubiri, akiuza, akinunua, akioa. Vitambaa vya Gujarat na vyombo vya kauri vya China viliingia. Dhahabu, pembe za ndovu na boriti za mikoko zilitoka. Hakuna bandari iliyokuwa mwanzo tu au mwisho tu. Kila moja ilikuwa vyote viwili, kutegemea mwezi.

Vasco da Gama aliujua upepo huo kwa faida na kwa hasara. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani aliyepewa hapo, kusi ikiwa nyuma yake, na kufikia tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Chini ya wiki nne. Wakati wa kurudi hakusubiri kaskazi itulie. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, na pwani ya Afrika aliiona Januari 1499 huko Mogadishu. Karibu miezi mitatu kuvuka bahari ileile. Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, hata ikabidi merikebu moja, São Rafael, ichomwe moto kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Ukimaliza kusoma hapo, fungua mchezo utazame jinsi biashara inavyofanya kazi. Mimi nilifungua faili lenyewe. Ni faili la maandishi, mtu yeyote anaweza kulisoma. Dunia imegawanywa katika vituo vya biashara. Zanzibar ni kimojawapo. Kila kituo kina mishale inayoonyesha mali itateremka kwenda wapi, na mishale hiyo haigeuki kamwe, mwaka 1444 hadi 1821. Kutoka Zanzibar kuna mshale wa Aden, na kutoka Aden unafika Aleksandria. Kuna mshale mwingine wa Rasi ya Tumaini Jema, ambao unazunguka kupitia Afrika Magharibi. Ukifuata mishale yote ya dunia unaishia mahali patatu ambapo mali huingia na haitoki: Venice, Genoa, na mlango-bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa.

Someni hapo tena. Katika ile dunia yangu Ureno ilikufa. Hakuna Mzungu aliyeivuka Rasi kuja kututafuta. Kilwa ndiyo bwana wa pwani. Lakini mali yoyote ya Sofala ambayo Kilwa haikuikusanya nyumbani ilikuwa na upande mmoja tu wa kwenda. Hata Kilwa ikiiteka Venice yenyewe haiwezi kuvuta chochote kutoka Venice kije Kilwa. Wachezaji wazoefu watakupa ushauri wa kweli kabisa: ukitaka utajiri mkubwa, hamisha bandari yako kuu ya biashara uipeleke kwenye moja ya zile sehemu tatu. Yaani ushindi kamili wa Kilwa ni Kilwa kuhamia Ulaya!

Siwatuhumu waandishi wa mchezo kwa ubaya. Nafahamu kwa nini walifanya hivyo, maana mimi pia ningefanya. Ukiwa na grafu ya mishale isiyo na mzunguko, unahesabu biashara ya dunia nzima kwa kupita mara moja, kutoka juu hadi chini. Ukiruhusu mali irudi ilikotoka, hesabu inazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Ni uamuzi wa kurahisisha kazi. Lakini uamuzi wa kurahisisha kazi ndio uliogeuka kuwa sheria ya dunia. Wafalme wanabadilika, dini zinabadilika, mipaka inabadilika. Mshale haubadiliki, na kwa kuwa hakuna anayeutazama, hakuna anayeuuliza.

Ndiyo maana sasa siamini sana matokeo ya ajabu. Dola kubadilishana ushindi ni sehemu rahisi ya "ingekuwaje kama". Swali gumu ni lile ambalo halikuachwa wazi. Kilwa halisi ilitajirika kwa dhahabu ya nyanda za Zimbabwe bila kuzimiliki hizo nyanda. Ibn Battuta alipoitembelea mwaka 1331 aliusifu uzuri wa mji wenyewe. Nguvu yake ilikuwa kukaa mahali ambapo pepo mbili zinakutana na mali ya bara. Hilo ndilo Wareno walilolivunja walipoushambulia mji Julai 1505 na Mombasa mwezi uliofuata, kisha wakataka biashara ifuate njia yao peke yake. Mshale wa upande mmoja ni kitu ambacho mtu alijaribu kukilazimisha kwa mizinga. Mchezo unauanza mwaka 1444, miaka hamsini na zaidi kabla ya mizinga kufika, kana kwamba Mungu ndiye aliyeuchora.

Na kosa langu? Mwaka mmoja nyuma niliandikia kampuni fulani mfumo wa kufuatilia mizigo kati ya maghala. Niliweka kwenye hifadhidata kwamba kila mzigo unaanza Nairobi. Nilikuwa na haraka, na Nairobi ndiko ofisi ilikokuwa. Siku wakala wa kule mashambani alipotaka kuleta mahindi huku mjini, mfumo ulimkatalia. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiandika mahindi yake kama "bidhaa zilizorudishwa", ili kompyuta ikubali. Mtu ana mazao yake mwenyewe, na kwenye mfumo wangu anaonekana kama anayerudisha vitu vya Nairobi vilivyoharibika! Hakunilalamikia hata mara moja. Alidhani ndivyo kompyuta zilivyo. Mimi niligundua nilipokuwa natafuta kwa nini takwimu za kurudisha ni kubwa hivyo.

Nilirekebisha. Ilinichukua siku mbili. Ule mchezo nimejaribu kuugeuza pia, nikabadilisha mishale michache ielekee Zanzibar, na sasa dunia inateremka kuja kwetu. Kwa usiku mmoja ilinifurahisha. Halafu nikaona nimefanya kosa lilelile, ila kwa upande wetu: Venice imekuwa chanzo, sisi tumekuwa shimo. Upepo bado haumo.

Kwa hiyo kazi niliyojipa ni kuandika programu yangu ndogo, vituo kumi tu kutoka Sofala hadi Calicut, ambamo kila mshale una tarehe. Novemba unaelekea huku, Aprili unaelekea kule, na nahodha asiyesubiri analipa kama alivyolipa da Gama. Hesabu yake ni ngumu zaidi, lakini si ngumu ya kushindwa: unahesabu msimu kwa msimu, na ndani ya msimu mmoja hakuna mzunguko. Mabaharia wa pwani walilijua hilo bila shahada ya kompyuta.

Kinoo, kwa wasiojua, kwa Kiswahili ni jiwe la kunolea. Basi acha ninoe. Ikifanya kazi nitawaambia. Rafiki yangu wa Mombasa ndiye atakayeijaribu wa kwanza, na nina hakika atapata kitu kingine nilichokisahau.