Mgeni wa Darasani

Ukisikia kusafirisha programu nje ya nchi, unafikiria CD ndani ya ndege. Marekani hawakuishia hapo. Programu za kusimba ujumbe zilikuwa kwenye orodha ya silaha, na kumwonyesha mgeni, hata darasani mjini Cleveland, kulihesabiwa kuwa kusafirisha! Peter Junger, profesa wa sheria huko, aliishtaki serikali mwaka 1996.

Mgeni ni nani basi? Hapa ndipo ninapochoka: Wakenya wawili wamekaa dawati moja, mwenye green card anahesabiwa mwenyeji, mwenzake wa viza ya masomo ni mgeni.

Mwaka 2000 mahakama ya rufaa iliamua kwamba msimbo chanzo unalindwa na uhuru wa kujieleza. Masharti ya usimbaji yalilegezwa mwaka huo huo. Ule mgawanyo wa mwenyeji na mgeni ungalipo.