Ini lenye mafuta: namba za kutazama kwenye karatasi ya maabara

Huku kwetu Pwani ukimwambia mtu ini lake lina walakini, jibu la kwanza huwa: "Lakini mimi sinywi pombe." Nimelisikia kwa wazee wa baraza na kwa akina mama, na ndilo linalowafanya wengine waifiche karatasi ya daktari wasije wakadhaniwa vingine. Ini hujaa mafuta pia kwa kitambi, kisukari na mafuta mengi kwenye damu. Ndiyo maana mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini vilibadilisha jina la ugonjwa huu: la zamani lilitaja pombe, hili jipya linataja namna mwili unavyotumia chakula.

Mafuta peke yake mara nyingi hayaleti balaa. Balaa ni kovu. Ini likivimba kwa miaka hujenga makovu, makovu yakizidi huwa gumu, na ini gumu la namna hiyo ndimo saratani hupenda kuota. Muda wote huo mtu anaweza asihisi kitu mpaka tumbo lijae maji au macho yawe manjano.

Wengi hutazama ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zikiumia. Vikiwa sawa, mtu hushukuru Mungu na kwenda zake. Hapo pana mtego, maana ini laweza kuwa na mafuta, hata kovu, na ALT ikasoma kawaida kabisa.

Kuna hesabu iitwayo FIB-4, iliyochapishwa mwaka 2006 kwa wagonjwa waliokuwa na virusi vya UKIMWI pamoja na hepatitisi C, na sasa hutumika sana kwa ini lenye mafuta. Haihitaji kipimo kipya. Chukua umri, zidisha kwa AST. Kando, chukua chembe za kugandisha damu (kwenye karatasi huandikwa PLT), zidisha kwa kipeuo cha pili cha ALT. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili.

Tuseme mtu ana miaka 56, AST 45, ALT 25, PLT 160. Juu tunapata 2,520. Chini 160 mara 5, yaani 800. Jibu ni 3.15. Chini ya 1.3, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Juu ya 2.67, daktari achunguze zaidi, hasa kwa mashine ya kupima ugumu wa ini. Huyu wetu amepita, na karatasi yake ilikuwa na AST tu iliyopanda kidogo! Kwa aliyepita miaka 65 mpaka wa chini huwa 2.0, na kwa kijana wa chini ya 35 hesabu hii haiaminiki. Wala haisemi una saratani. Inasema tu nani asiachwe aende nyumbani.

AFP ndiyo inayotajwa sana kwa saratani ya ini. Mimi singemshauri mtu mzima wa afya aikimbilie. Hupanda kwa mimba na kwa uvimbe wa ini usio saratani, na saratani nyingine za ini haziipandishi. Kazi yake hasa ni kwa aliyekwisha kuwa na ini gumu, naye hupimwa kila miezi 6 pamoja na altrasaundi.

Kipimo ambacho ningekiomba mapema ni cha hepatitisi B. Virusi hivi huweza kuleta saratani hata kabla ini halijawa gumu, na aliye navyo akiwa na kitambi na kisukari juu yake amebeba mizigo miwili. Asiye navyo kuna chanjo. Kwa mafuta yenyewe, mwenye kilo 90 akipunguza 5 ini huanza kupungua mafuta. Akifika 9, hata kovu huweza kurudi nyuma. Soda na chai ya sukari nyingi ndizo za kuanza nazo, kabla hujaigusa biriani ya Ijumaa.