Mnyoo wa baiti 376 na seva zetu za Embu na Meru

Wiki hii tuache kidogo lugha za programu, tuzungumze historia. Kazi yangu ya kutengeneza mifumo ya hesabu hunizungusha Embu, Chuka na Meru, na kila mara nasikia swali lile lile: "Nani atakuja kutuvamia sisi huku mlimani?" Jibu lake lina zaidi ya miaka 20.

Jumamosi tarehe 25 Januari 2003, yapata saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Kenya, mnyoo wa kompyuta ulioitwa SQL Slammer ulianza kusambaa. Ulishambulia seva ya hifadhidata ya Microsoft, SQL Server 2000, pamoja na mdogo wake wa bure, MSDE 2000. Watafiti waliopima baadaye walikuta kwamba mwanzoni mashine zilizoambukizwa ziliongezeka maradufu kila sekunde 8.5. Katika dakika 10, asilimia 90 ya mashine zenye udhaifu huo zilikuwa zimeshapatwa. Jumla zilikuwa 75,000 kwa uchache. Huko Marekani, mashine nyingi kati ya 13,000 za kutolea pesa za Bank of America zilikwama. Korea Kusini watu wengi walikosa intaneti.

Uliingiaje? SQL Server ilikuwa na mlango mmoja, UDP 1434, wa kuwajibu wanaouliza hifadhidata iko wapi. Programu iliyosikiliza hapo haikupima urefu wa swali. Ukituma swali refu kuliko nafasi iliyotengwa, maneno yaliyofurika yaliangukia mahali kompyuta inapotunza anwani ya hatua inayofuata, nayo ikaanza kutii yaliyoandikwa na mgeni. Hakuna nywila iliyoulizwa. Mnyoo wenyewe ulikuwa baiti 376 tu, mfupi kuliko aya hii!

Kinachouma ni hiki: tundu hilo lilikuwa limeshagunduliwa na mtafiti David Litchfield, na Microsoft ilitoa kiraka tarehe 24 Julai 2002, miezi 6 na siku moja kabla. Wengi hawakukiweka. Wengine hawakujua hata kama wana SQL Server, maana MSDE ilikuja imefichwa ndani ya programu nyingine.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2003 intaneti ya Kenya ilitoka nje ya nchi kwa setilaiti, na mtu wa Embu au Meru mara nyingi aliipata kwa modemu ya simu. Piga hesabu: faili la megabaiti 10 kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, laini isipokatika hata mara moja, ni karibu dakika 24. Mnyoo kwa modemu hiyo hiyo huingia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Yaani ugonjwa ulipanda pikipiki, dawa ikaja na punda.

Lakini modemu hiyo ilikuwa pia kinga. Kompyuta inayounganishwa nusu saa kwa siku ni vigumu kuikuta hewani. Nadhani hapo ndipo tulipozoea kuamini kwamba mlima unatulinda. Kumbe kilichotulinda ni laini ya simu.

Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, nyuzi za mwanga zikapanda hadi huku, na kinga hiyo ikaondoka. Leo sacco ya walimu au ya wakulima wa chai ina seva iliyo hewani usiku na mchana. Ndani yake mna namba za vitambulisho, mashea, mikopo na bonasi. Mazoea yetu yamebaki ya enzi za modemu. Katika ofisi moja mjini Meru nilikuta hifadhidata imefunguliwa kwa dunia nzima, na akaunti kuu, "sa", haina nywila. Mnyoo uitwao Spida ulipita katika mwanya huo huo Mei 2002!

Slammer haukuiba kitu, ulifurisha mitandao tu. Mvamizi wa leo hunakili orodha ya wanachama, akafuta ya kwako, kisha akadai pesa. Ndivyo walivyofanyiwa wenye maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi, Januari 2017. Na chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, ofisi inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Kwa hiyo kabla hujafunga ofisi Ijumaa hii, uliza maswali matatu. Seva yetu ya hifadhidata ni toleo gani? Kiraka cha mwisho kiliwekwa lini? Aliye nje anaweza kuufikia mlango wake? Asipopatikana wa kujibu, mpigie simu aliyewauzia mfumo, afunge mlango wa nje kwanza, maelezo baadaye. Mkulima aliyechuma chai mwaka mzima hajui SQL ni nini, wala hapaswi kujua. Hiyo ni kazi yetu.