Hadithi za Kesho na Kanda Zilizofutwa

Televisheni ilipoanza kuenea katika nyumba za Wamarekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watayarishaji walichukua kutoka redioni mtindo wa mfululizo wa hadithi zinazojitegemea, yaani kipindi chenye jina na saa ya kudumu ambacho kila wiki huleta kisa kipya na wahusika wapya. Mtindo huo ulizifaa sana hadithi za kubuni za kisayansi, kwa kuwa mwandishi aliweza kuiangamiza dunia Ijumaa hii na watazamaji wakaikuta salama Ijumaa iliyofuata.

Tales of Tomorrow, kilichoanza katika shirika la ABC tarehe 3 Agosti 1951 na kuendelea hadi 1953, kilirushwa moja kwa moja kutoka New York, hivyo kosa likishatendeka halikuwa na dawa. Tarehe 18 Januari 1952 Lon Chaney Jr. aliigiza zimwi la Frankenstein, na inasimuliwa kwamba alikuwa amelewa, akadhani bado wako kwenye mazoezi. Iwe kweli au uzushi, kumbukumbu iliyobaki inamwonyesha akinyanyua samani kana kwamba anataka kuivunja, kisha akiirudisha chini taratibu. Kumbukumbu hiyo ipo kwa sababu kamera ya sinema ilielekezwa kwenye kioo cha televisheni ili filamu ipelekwe kwa vituo vya mbali ambavyo havikufikiwa na kebo. Ni picha hafifu, zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara ya wiki chache tu.

Science Fiction Theatre (1955–1957), kilichopigwa kwenye filamu tangu mwanzo ili kiuzwe kituo kwa kituo, hakikuwa na ujasiri mkubwa wa kubuni, lakini kilikuwa bidhaa yenye kudumu. The Twilight Zone cha Rod Serling, mwandishi aliyekimbilia hadithi za ajabu baada ya wadhamini kuchujachuja tamthilia yake ya 1956 iliyotokana na mauaji ya kijana Mweusi Emmett Till, nacho kilipigwa kwenye filamu, isipokuwa sehemu 6 kati ya 156, ambazo CBS iliamua zirekodiwe kwenye kanda ya video ili kubana matumizi. Sehemu hizo hutambulika mara moja, kwani picha yake haina kina na mwongozaji hakuweza kutoka nje ya studio.

Nchini Uingereza kanda ileile ndiyo iliyoleta hasara kubwa. Ilikuwa ghali, ilifutika na kutumika upya, na vipindi vilivyokwisha kurushwa havikudhaniwa kuwa na thamani. Katika Out of This World cha 1962, ambacho Irene Shubik alikisimamia kama mhariri wa hadithi, imesalia sehemu moja tu, iliyotokana na kisa cha Isaac Asimov kuhusu roboti aliyepotea. Shubik alihamia BBC akaanzisha Out of the Unknown (1965–1971), na kati ya sehemu zake 49 ni 20 tu zilizobaki kamili, miongoni mwao ikiwa The Machine Stops, iliyotokana na hadithi ya E. M. Forster na kutuzwa katika tamasha la Trieste mwaka 1967. Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipozitoa sehemu hizo kwenye DVD mwaka 2014, ililazimika kuunda upya baadhi ya zilizopotea kwa kuunganisha sauti na picha mnato.